Mgeni India: Mialiko ya Kukubali na ya Kukwepa

Treni ya usiku ya kutoka Mumbai kwenda Bhuj ikishaviacha viunga vya jiji, makopo ya chakula huanza kufunguliwa. Mama wa Kigujarati kwenye kitanda cha chini hutandika gazeti, akatoa thepla, chapati nyembamba za manjano zilizokandwa na majani ya uwatu, halafu achari tamu ya embe, pilipili za kukaanga na chupa ya chai. Kabla hajatia tonge mdomoni, ameshamuuliza abiria wa mbele yake anatoka wapi, ana watoto wangapi na anashuka kituo gani. Jibu likija kwamba mgeni anatoka Tanga au Kisumu, thepla mbili zimeshatua mikononi mwake.

Behewa hilohilo lina onyo lake. Kwa miaka mingi shirika la reli la India limekuwa likiwatahadharisha abiria wasipokee chakula wala kinywaji kwa mtu wasiyemjua, kwa sababu wapo wezi wanaotia dawa ya usingizi kwenye chai au biskuti. Abiria hulala fofofo, na akizinduka mzigo wake umeshashuka vituo vingi nyuma.

Msafiri afuate lipi, thepla au onyo? Wenyeji hukata shauri kwa kuangalia mashahidi. Mama yule anagawa chakula mbele ya mumewe, wanawe na majirani wa vitanda vingine, naye anakula kutoka kopo lilelile. Hana cha kuficha wala mahali pa kukimbilia hadi asubuhi. Mtu wa kutiliwa shaka ni yule aliye peke yake, anayeleta kinywaji kilichokwisha kufunguliwa, anayesisitiza mno na asiyekionja mwenyewe. Kipimo hicho cha mashahidi kinamfaa mgeni safari nzima, awe amekwenda India kwa matibabu, masomo, biashara au matembezi tu.

Ndani ya behewa

Hakuna mahali rahisi pa kupata marafiki India kuliko treni ya masafa marefu. Katika daraja la Sleeper, na lile la 3AC lenye kiyoyozi, kila kijisehemu kina vitanda 8: sita vinatazamana, viwili viko upande wa ujia. Watu wanane wanaokaa hivyo kwa saa 15 hawawezi kubaki wageni, hata wakitaka.

Ujirani huo una sheria zake. Mchana kitanda cha chini ni benchi la wote, hivyo mwenye tiketi yake asijinyooshe akawaacha wenzake wamesimama. Kitanda cha kati hukunjuliwa saa 4 usiku na kukunjwa saa 12 asubuhi. Anayekikunjua saa 2 usiku amewanyima kukaa wote walio chini yake. Bibi kizee au mama mwenye mtoto mchanga akiomba kubadilishana kitanda, anayekubali amejipatia jamaa kwa muda wote wa safari. Asitoe tu kitanda cha chini akapokea cha juu katika behewa jingine kabla ya kuuliza ni behewa gani.

Msafiri naye apande na kitu cha kugawa. Ndizi, karanga na pakiti ya biskuti ambayo haijafunguliwa ndivyo vinavyofaa zaidi, kwa kuwa hata asiyekula nyama, mayai au chakula kilichopikwa na mtu asiyemjua anaweza kuvipokea bila kujikwaa na mwiko wake. Samaki wa kukaanga abaki kwenye mfuko. Anayekunywa maji ya mwenzake ainue chupa juu na kumimina bila kuigusisha midomo, maana kilichoguswa na mdomo wa mtu huhesabiwa kuwa kimechafuka, na jambo hilo huzingatiwa hata na watu wasioshika dini sana.

Maswali yatakuja mengi, na mengine yatamshtua asiyeyazoea: umri, ndoa, kodi ya nyumba, mshahara. Hayaulizwi kwa ufidhuli. Ndivyo watu wanavyojuana haraka, na aliyeulizwa ana haki ya kuuliza vilevile. Kuhusu mshahara, “unatosha kula na kusomesha” ni jibu linaloeleweka kila jimbo.

Salamu kabla ya yote

Katiba ya India inataja lugha 22 katika jedwali lake la nane, na Kihindi ni mojawapo tu. Mgeni anayewasalimu watu wa Chennai kwa namaste, akidhani ndiyo salamu ya nchi nzima, atajibiwa kwa adabu. Akisema vanakkam atajibiwa kwa tabasamu. Punjab, miongoni mwa Masingasinga, ni sat sri akal. Gujarat ni kem cho. Ladakh ni julley, neno linalotumika kusalimu, kuaga na kushukuru. Kwenye mitaa ya Waislamu, kutoka Hyderabad hadi Srinagar, assalamu alaikum inatosha, na hiyo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Kuita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu. Kaskazini, mwanamume wa rika la msafiri huitwa bhaiya na mwanamke didi. Waliomzidi umri ni uncle na auntie, na nyongeza ya ji mwishoni mwa jina huongeza heshima. Mwuza chai anayeitwa bhaiya humimina chai ileile kwa bei ileile, lakini mara nyingi ndiye atakayemwambia mgeni basi gani la kupanda na dereva gani wa bajaji wa kumkwepa. Mwanamume asimnyooshee mkono mwanamke asiyemjua. Viganja viwili vikutanishwe kifuani, kisha angojee aone mwanamke huyo atafanya nini.

Rafiki wa kituoni

Urafiki wa bandia India una anwani zinazojulikana. Mbele ya kituo cha reli cha New Delhi, upande wa Paharganj, vijana nadhifu huwaambia wageni kwamba ofisi ya tiketi za watalii imefungwa, imehamishwa au imeungua moto. Haijaungua. Iko ghorofa ya kwanza ya jengo la kituo chenyewe, na kazi ya vijana hao ni kumpeleka mtu kwenye “ofisi ya serikali” ya mtaani, ambako atauziwa safari ya Kashmir kwa bei ya kuruka. Msafiri apite bila kusimama, apande ngazi hadi ofisini mwenyewe.

Jaipur mchezo huchukua siku kadhaa. Mtu mcheshi humkaribisha mgeni chai, kesho yake chakula cha mchana, keshokutwa anamtambulisha kwa “mjomba” mwenye duka la vito. Mjomba ana shida ndogo ya ushuru: mgeni akikubali kununua vito na kuvibeba hadi kwao, wakala atamngoja huko na kumrudishia fedha mara mbili. Wakala hayupo, na vito ni vioo au mawe ya bei ya chini. Utapeli huu umeshaandikwa katika vitabu vya wasafiri kwa miongo mingi na bado unanasa watu, kwa sababu unaanza na chai na mazungumzo ya kweli.

Varanasi, kwenye ngazi za mtoni za Manikarnika ambako maiti huchomwa, hujitokeza anayejiita mtumishi wa wagonjwa mahututi akidai mchango wa kuni. Pushkar, pembeni ya ziwa takatifu, mgeni hutiwa maua mkononi, akasomewa dua, akafungwa uzi mwekundu, kisha akatajiwa kiasi cha “sadaka”. Nje ya hospitali kubwa zinazopokea wagonjwa kutoka nje wapo watafsiri wa kujitolea ambao kumbe hulipwa kamisheni kwa kila chumba, duka la dawa na maabara wanayompeleka mgonjwa. Huko njia salama ni kuanzia kwenye dawati la wagonjwa wa kimataifa ndani ya hospitali.

Matukio haya yote yanafanana kwa mambo matatu. Mwenyeji ndiye aliyemfuata mgeni, tena mahali ambapo watalii hupita. Anamwondoa penye watu na kumpeleka pasipo na watu. Na mwisho wa njia kuna kitu cha kununua. Mialiko ya kweli mara nyingi huja kinyume chake: huanza baada ya mgeni mwenyewe kuuliza jambo, huelekea kwenye nyumba yenye mama na watoto, na neno fedha halitajwi. Mgeni akiwa na shaka, aseme yuko tayari kwa chai lakini kwenye kibanda hiki hapa, mbele ya wote. Mtu mwema hatachukia.

Mlo wa Amritsar

Kwa anayetaka kuuonja ukarimu wa India bila kumchunguza mtu, pa kuanzia ni Amritsar. Hekalu la Dhahabu, Harmandir Sahib, lina jiko la langar linalolisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, mchana na usiku, bila malipo na bila kuuliza dini, kabila wala tabaka. Desturi hiyo ilianza tangu zama za Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masingasinga, na mapokeo yao yanasimulia kwamba hata mfalme Akbar alikaa chini akala na watu wa kawaida.

Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa na kupita kwenye kijito kifupi cha maji kinachoosha nyayo. Tumbaku na pombe haviingii kabisa. Mlangoni hupewa sahani ya chuma, bakuli na kijiko, kisha anaketi kwenye mkeka katika safu ndefu, begani kwa tajiri wa Ludhiana au kibarua wa Bihar, ilivyotokea. Watu wa kujitolea hupita na ndoo za dengu na uji mtamu wa mchele. Mgawa chapati haweki chapati kwenye sahani: anayekula hukinga viganja viwili vilivyofunguliwa, ikadondoshwa humo. Kuongezewa ni ruhusa, kusaza ni aibu. Safu ikimaliza, sakafu huoshwa na safu nyingine inakaa.

Wengi hula, wakatia chochote kwenye sanduku la mchango, wakaondoka. Anayetaka marafiki asiondoke. Aende nyuma, kwenye mabeseni ya kuoshea vyombo, au akae na akina mama wanaomenya vitunguu saumu na kusukuma chapati. Hakuna fomu ya kujaza. Saa mbili za kuosha sahani na mwalimu mstaafu wa Jalandhar huzaa maongezi ambayo ziara ya kuongozwa haiwezi kuzaa. Wanaotoka mbali hupata pia pa kulala katika nyumba za wageni za hekalu kwa siku chache, bure au kwa fedha kidogo.

Wasomaji wa Kenya wanaijua picha hii. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, limekuwa likiwapa wasafiri chakula na malazi bila malipo kwa miongo mingi. Aliyekula Makindu hatapotea Amritsar.

Akialikwa nyumbani

Mwaliko wa chakula cha jioni katika miji ya kaskazini ukisema saa 2 usiku, chakula kinaweza kuandaliwa saa 4. Katikati ni maongezi na vitafunio, na baada ya kula wageni huaga mapema kuliko ilivyo kwetu. Mgeni ale kidogo kabla ya kwenda.

Viatu vivuliwe mlangoni hata kama mwenyeji anasema si lazima. Mzee wa nyumba ndiye wa kwanza kusalimiwa. Jikoni na kwenye chumba cha ibada haingii mtu hadi akaribishwe. Huenda mama mwenye nyumba asikae mezani: atapakua, atasimama pembeni, atakula baadaye na wanawe. Mgeni anayemsihi akae huwapa wote tabu. Afadhali aulize chakula kimepikwaje, tena amuulize mama mwenyewe na si mumewe.

Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na hapo Mswahili yuko nyumbani. Kinachomchanganya ni kijiko cha kupakulia. Kwa kuwa mkono wa kulia umeshagusa chakula na mdomo, kijiko cha chombo cha pamoja hushikwa kwa mkono wa kushoto. Akikishika kwa vidole vyenye mchuzi, chungu chote kimeingia doa. Sahani tupu ni ombi la kuongezewa. Aliyeshiba aifunike kwa kiganja mapema, na kwa uthabiti, kabla mwiko haujafika.

Maji ya bomba yakimtia wasiwasi, aombe chai. Imechemshwa, na hakuna nyumba inayochukizwa na ombi hilo.

Kila eneo lina adabu zake za karamu. Katika mlo wa wazwan wa Kashmir, wageni wanne huketi kuzunguka sinia moja la shaba liitwalo trami, baada ya kupitishiwa birika na beseni la kunawa. Kila mmoja hula upande wake wa mlima wa wali, naye mpishi hupita akiongeza nyama, aina baada ya aina. Anayejaza tumbo kwa vyakula viwili vya kwanza atajuta. Kerala, kwenye karamu ya sadya inayoandaliwa juu ya jani la mgomba, aliyeridhika hukunja jani kuelekea upande wake. Ladakh kikombe cha chai ya siagi na chumvi hujazwa kila kinapopungua, hivyo asiyetaka zaidi akiache kimejaa hadi dakika ya kuondoka.

Wajaini, waumini wa dini ya Ujaini, wana masharti makali zaidi: hawali nyama, samaki wala mayai, na wengi huepuka vitunguu, vitunguu saumu na viazi kwa kuwa kuving’oa ardhini huua viumbe. Wengine hawali baada ya jua kuzama. Anayealikwa kwao aende mapema.

Na harusini? Mgeni kutoka ng’ambo hualikwa harusi kwa urahisi wa kushangaza, hata na watu aliokutana nao juzi. Aende. Aepuke nguo nyeupe tupu au nyeusi tupu katika harusi ya Kihindu. Bahasha ya zawadi huwekwa kiasi kinachoishia na moja, kama rupia 501 au 1,101, kwa kuwa ile rupia ya ziada ni ya baraka.

Fomu C, bili na zawadi

Kuna jambo ambalo mwenyeji mkarimu anaweza asilijue, na likamletea matatizo. Sheria ya India inamtaka yeyote anayemlaza raia wa kigeni, iwe hoteli, bweni, hospitali au nyumba ya mtu binafsi, atoe taarifa kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24 kupitia fomu inayojazwa mtandaoni, iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Ndiyo sababu baadhi ya gesti ndogo humkataa mgeni hata kama zina vyumba: hazijajisajili kwa fomu hiyo. Anayelala kwa rafiki amkumbushe, na ampe nakala ya pasipoti na ya viza siku ileile. Mwanafunzi anayemlaza jamaa yake hosteli kimyakimya anahatarisha nafasi yake mwenyewe.

Asiye na mwenyeji anaweza kulipia ukarimu uliopangwa vizuri. Ladakh, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Snow Leopard Conservancy limesaidia vijiji kupokea wageni majumbani kwa bei iliyopangwa, ili familia ambazo mbuzi wao huliwa na chui wa theluji zipate kipato kutokana na chui huyohuyo. Kerala idara ya utalii huzikagua na kuzipanga kwa madaraja nyumba zinazopokea wageni. Kwa wanaopendelea kubadilishana ukarimu bila fedha, mtandao wa Servas, ulioanzishwa mwaka 1949, una wanachama India wanaopokea wasafiri kwa siku mbili au zaidi baada ya kuandikiana.

Tangu mfumo wa malipo ya simu wa UPI uanze mwaka 2016, hata muuza ndizi wa barabarani ana kibao cha msimbo wa kuskani. Mtu aliyezoea M-Pesa hatashangaa, isipokuwa yeye mwenyewe, bila akaunti ya benki ya India, mara nyingi hawezi kulipa. Matokeo yake rafiki mpya hulipia kila kitu na kukataa kurudishiwa. Mgeni atembee na noti ndogondogo, awahi kulipa chai na bajaji, na siku moja amtangulie mwenyeji kwa mhudumu wa mkahawa kabla bili haijaletwa.

Fedha taslimu kwa mwenyeji wa nyumbani ni tusi. Boksi la peremende kutoka duka lenye foleni, au matunda, linafaa kila nyumba. Pombe, bidhaa za ngozi na keki yenye mayai vinaweza kuwa kosa, na Gujarat na Bihar ni majimbo yaliyopiga marufuku pombe kisheria. Zawadi ya kutoka nyumbani huthaminiwa zaidi: kanga mpya, kahawa ya Kilimanjaro au ya Bukoba. Korosho hazimstaajabishi mtu, kwani sehemu kubwa ya korosho ghafi za Mtwara na Lindi huuzwa hukohuko India. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, kwa hiyo mgeni asisubiri kuona uso wa mwenyeji.

“Asante” nyingi pia hupunguza ukaribu. Miongoni mwa marafiki, kushukuru kila kikombe cha chai ni kama kuhesabu deni. Moja ya dhati mlangoni, siku ya kuondoka, inatosha.

Jamaa wa jamaa

Shahidi bora kuliko wote ni mtu anayewajua mgeni na mwenyeji wote wawili. Hapo msafiri wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo Mjerumani au Mjapani hana. Familia nyingi zenye maduka Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Kampala zina asili ya Kutch, Jamnagar, Porbandar na Rajkot, katika jimbo la Gujarat. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wapo waliorudi Gujarat. Si ajabu Bhuj au Jamnagar kukutana na mzee anayekisema Kiswahili cha Forodhani na kuulizia bei ya muhogo.

Kabla ya kuondoka, msafiri amuulize mwenye duka la vipuri au daktari wa meno wa mtaani kwake kama ana ndugu huko. Simu moja kutoka Kariakoo humfanya apokelewe kituoni. Mandvi, bandari ya zamani ya Kutch, hadi leo hujenga majahazi makubwa ya mbao kando ya mto Rukmavati, na mwenye jamaa pale huoneshwa kazi hiyo na fundi mwenyewe.

Kusini zaidi, karibu na msitu wa Gir wenye simba, kipo kijiji cha Jambur cha Wasidi, watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika. Wanazungumza Kigujarati, si Kiswahili, na ngoma zao maarufu huchezwa pia kwa ajili ya watalii. Mwafrika anayekwenda kuwatembelea aende kwa utambulisho wa mwenyeji na kwa miadi. Asiingie na kamera mbele akidai undugu.

Rangi ya ngozi

Msafiri mweusi hupokelewa kwa ukarimu wote huu, na pia hukutana na ubaguzi. Mwishoni mwa Januari 2016 umati wa Bengaluru ulimshambulia mwanafunzi wa kike wa Kitanzania na kuchoma gari alilokuwamo, kwa ajili ya ajali iliyosababishwa na mtu mwingine. Mei mwaka huohuo kijana Mkongo alipigwa hadi kufa Delhi katika ugomvi ulioanzia kwenye bajaji. Machi 2017 wanafunzi wa Kinigeria walipigwa Greater Noida. Mabalozi wa nchi za Afrika walilalamika hadharani.

Siku nyingi ubaguzi huo huonekana kwa sura ndogo: mwenye nyumba ambaye chumba chake “kimepata mtu” mara anapomwona mpangaji, au kicheko cha vijana kwenye metro. Kukodolewa macho peke yake si uadui, kwa maana wageni wa rangi zote hukodolewa, na anayetazama hivyo mara nyingi anatafuta ujasiri wa kuomba picha. Anayeombwa picha ana ruhusa ya kukataa. Kushikwa nywele bila idhini kukatazwe mara moja, kwa sauti inayosikika na walio karibu.

Chumba kitafutwe kupitia chuo, hospitali au Mwafrika aliyetangulia, na Jumuiya ya Wanafunzi wa Kiafrika India ni mlango mzuri wa kubisha. Ikitokea ajali au ugomvi barabarani, mgeni asibaki kujieleza mbele ya umati unaokua. Aingie dukani au kwenye kituo cha metro chenye walinzi, apige 112, namba ya dharura ya nchi nzima. Watalii wana namba yao pia, 1363, inayojibiwa saa zote kwa lugha 12, Kiarabu kikiwamo. Wanawake wakumbuke behewa lao kwenye metro ya Delhi na treni za mjini Mumbai, ambako urafiki huanza kwa urahisi zaidi pia.

Baada ya kurudi

Mgeni akiahidi kutuma picha, azitume ndani ya wiki, na asimsahau bibi. Kisha ajiandae kupokea picha za maua na salamu za “good morning” kwenye WhatsApp kila alfajiri, pengine kwa miaka. Si lazima kuzijibu zote. Sikukuu ndizo zisipite: Diwali kwa Wahindu, Idi kwa Waislamu, siku ya kuzaliwa ya Guru Nanak mwezi Novemba kwa familia ya Punjab.

Wapo watakaokuja kweli, kwa safari ya Serengeti au kumtembelea jamaa wa Mwanza. Kabla hawajafika, mwenyeji aulize swali moja kwa ujumbe wa simu: wanakula nini, na hawali nini? Wakiwa hawali nyama, anunue sufuria na kikaango kipya ambacho hakijapikiwa nyama, atenge mwiko wake, na asitie kitoweo cha nyama kwenye mchuzi wa maharage akidhani hautajulikana. Wakiwa Wajaini, viazi vitoke kwenye orodha na chakula cha jioni kiive kabla ya saa 12.